Kidole cha Balozi

Mlionifuata mpaka hapa mnajua niliwaacha wapi. Msabila anatoka getini na mfuko wake wa nailoni, kasimamishwa kazi. Mimi nimesimama uani na fulana ya buluu, mgongoni imeandikwa BALOZI WA AKILI MNEMBA. Na kiwanda kizima kinanitazama kama mtu aliyekanyaga uchafu akaingia nao msikitini.

Kwa anayenikuta leo, mambo yenyewe ni haya.

Naitwa Mundhir, mtoto wa mjini Bagamoyo, karani wa ghala katika kiwanda cha kukausha mananasi hapa Mapinga. Makao makuu yako Dar. Mwaka huu walituletea programu ya akili mnemba, wakataka mtu mmoja awahamasishe wenzake waitumie. Wakanichagua mimi kwa sababu nina mdomo, na kwa sababu natunga mashairi. Meneja wetu, Bwana Abdullatif, alisema anayeweza kupanga vina ataweza kupanga watu.

Nikajivuna. Kutunga hakunifundisha mtu, nilijifunza mwenyewe, nikaona na hili nitajifunza mwenyewe.

Niliomba vitu vitatu tu. Msaidizi wa ghala, saa moja ya kila siku ya kuwaelekeza wenzangu, na mafunzo. Abdullatif akanipa fulana.

"Wewe kijana bwana," akasema. "Utamudu."

Kisha makao makuu yakaagiza programu isome kundi letu la WhatsApp kila wiki, itoe taarifa ya hali ya wafanyakazi. Chini ya kila taarifa ya programu pana kitufe: Balozi amepitia na kuthibitisha. Kitufe hicho kinakubali alama ya kidole kimoja tu, kidole changu.

Wiki mzee Mwinshehe wa mizani alipofiwa na mama yake, nilibonyeza nikiwa nimesimama nyuma ya lori, mananasi yanateremshwa, dereva ananifokea nisaini. Sikusoma hata mstari.

Programu ilikuwa imeandika kwamba Msabila, msimamizi wa makaushio, amemtishia maisha mfanyakazi aliyefiwa.

Maneno ya Msabila kwenye kundi yalikuwa haya: "Leo wachawi wa Kiwangwa wamepungua mmoja. Mwinshehe usilie sana, zamu inayofuata yako. Urefu wako nimeshaupima, kaburi nitachimba mwenyewe. Na baiskeli yako usimwachie mtu."

Msabila ni Mnyamwezi. Mwinshehe ni Mkwere. Ni watani. Mtani akifiwa, mtani mwenzake huja kumtukana, na kwa matusi hayo mfiwa hupata kucheka kidogo siku asiyotarajia kucheka. Kule mazikoni Kiwangwa Msabila alilala kaburini akakataa kutoka mpaka apewe kuku. Na ndiye aliyechimba tangu asubuhi, wa mwisho kuweka jembe chini.

Hayo kila mtu kiwandani aliyajua. Programu haikuyajua. Mimi niliyajua, na kidole changu kikasema nimepitia.

Sasa tuendelee.

*

Mimi ni mtu wa hasira. Nimewahi kumtungia diwani beti za kumvua nguo, nikazibandika mwenyewe ukutani sokoni. Lakini wiki ile nilizitafuta hasira sikuziona. Nilikuwa kama mguu uliokaliwa ukafa ganzi. Unauona ni wako, unaubonyeza, hausikii.

Mchana niliingia chumba cha chakula na sahani yangu. Sihaba wa ufungashaji akawageukia wenzake.

"Jamani nyamazeni. Simu imekuja kula."

Wakanyamaza kweli. Sihaba si mtu wa kuchezea. Mdogo wake Naila alikuwa akifanya kazi hapa hapa, mkataba wake haukuongezwa mapema mwaka huu, akaambiwa tu ufanisi. Toka hapo ulimi wake umekuwa wembe.

"Dada Sihaba, mimi sikuandika ile taarifa," nikasema.

"Najua. Wewe huandiki, wewe unabonyeza."

Mtu akacheka. Mwingine akasogeza kiti ili nisipite karibu yake. Nikala wali, nikamaliza. Ukiniuliza ulikuwa na nazi au haukuwa nayo, siwezi kukwambia.

"Kikao chake lini?" Sihaba akaniuliza nilipoinuka.

"Alhamisi."

"Akifukuzwa kwa vitisho, nani atamwajiri tena? Mtu mzima yule, Mundhir. Tangu kiwanda hiki ni banda moja la mabati, yeye yupo."

"Nitakwenda kuzungumza naye."

"Nenda. Usiipeleke hiyo fulana."

*

Nilikwenda bila fulana. Msabila anakaa nyuma ya barabara kuu, kwenye kiwanja alichonunua kabla watu wa Dar hawajavimaliza viwanja vya Mapinga. Nilimkuta anatengeneza banda la kuku.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Umekuja na kidole, au umekiacha kazini?"

"Nimekuja kukuomba radhi."

"Nimesikia. Nipe huo msumari."

Nikampa. Akaupigilia pole pole, kama mtu ambaye hana mahali pa kuwahi.

"Kaka, njoo kikaoni uwaeleze kwamba ulikuwa utani. Wao ni watu wa Dar, hawakuelewa tu. Ukiwaeleza yatakwisha."

"Niwaeleze nini?"

"Kwamba hukukusudia ubaya."

Akaweka nyundo chini.

"Mundhir, mama yake Mwinshehe alinipikia mihogo siku ya kwanza nilipofika nchi hii. Nimemtania akiwa hai, naye alinitania. Alikuwa ananiita punda aliyejifunza kusalimia. Sasa nikasimame mbele ya wale watoto wa makao makuu niseme samahani sana, nilikuwa natania tu? Nikiomba msamaha, basi nilimtukana kweli. Mwinshehe atanitazamaje?"

"Lakini utapoteza kazi."

"Kazi nitapoteza. Mtani sipotezi."

"Sasa kikaoni utakuja kufanya nini?"

"Kukaa. Wameniita, nitakuja kukaa."

Nilitaka kukasirika naye. Huu ni ujinga, nikajiambia, huu ni ujinga kabisa. Hasira hazikuja. Nikamshikia mbao akamalizia banda lake, nikaondoka.

*

Nikaona basi, yupo Mwinshehe mwenyewe. Aliyetukanwa akisema hakutukanwa, kesi iko wapi? Asubuhi nikamfuata kwenye mizani, anapima mananasi ya kwao.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Simama huko, unazidisha uzito."

"Mzee, kwa nini hukuwaambia kwamba Msabila ni mtani wako?"

"Sikuulizwa hivyo." Akasukuma tenga moja, akavuta jingine. "Yule binti wa Dar alinipigia simu, Bi Nadhira. Ana adabu, alinipa shikamoo. Akaniuliza, mzee, unajisikia salama kazini? Nikamwambia, mwanangu, mama yangu amekufa, sijisikii vizuri. Akasema pole sana mzee, tutalishughulikia. Nikasema ahsante."

"Ukasema ahsante?"

"Mtu amekupa pole utasema nini?"

Nikashika nguzo ya mizani. Jibu lake lilikuwa limeandikwa, nililiona baadaye kwenye jalada la kesi: mlengwa amekiri kwamba hajisikii vizuri, ameshukuru kwa hatua zilizochukuliwa.

"Basi njoo Alhamisi useme kwa mdomo wako."

"Alhamisi ni arobaini ya mama. Nitakuwa Kiwangwa, nina hitima na watu wa kulisha. Na Msabila hatakuwepo kuiba nyama, mara ya kwanza kwenye msiba wa kwetu."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayetaja bei ya mananasi.

Nikageuka niende. Akaniita.

"Mundhir. Bibi mzaa mama yako anaitwa nani?"

"Ghalia," nikasema.

"Huyo ni mzaa baba, bibi wa mjini, wa duka. Mimi nimekuuliza mzaa mama."

Hilo si jina ninalolitaja sana. Nikiulizwa kwetu nasema mjini, nasema jina la babu upande wa baba, natosheka.

"Bi Mwanamkuu," nikasema.

"Mwanamkuu wa Kiwangwa. Wa ukoo wetu. Na kwetu mtoto anafuata kwa mama, hata akivaa kanzu ya hariri. Msabila anajua tangu siku ya kwanza ulipoajiriwa. Amekuacha tu. Alisema yule kijana anajiona Mwarabu, nikimtania atalia."

Akacheka kidogo, akarudi kwenye mananasi yake.

*

Alhamisi, kabla ya kikao, Abdullatif akaniita ofisini. Bi Nadhira alikuwa amekwishafika kutoka Dar. Msichana mdogo, ushungi wake umenyooka, sauti ya chini. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Nayo ikashindikana.

"Kaka Mundhir, kwanza nikuombe samahani kwa niaba ya kampuni," akasema. "Tumekuacha peke yako muda mrefu. Mtu anayewaongoza wenzake kwenye kitu kipya anahitaji kuungwa mkono, tena kuliko wengine, kwa sababu lawama zote zinaanzia kwake. Hilo tumelikosea."

Nikamtazama. Hakuna mtu aliyekuwa amenieleza hali yangu vizuri hivyo, hata mimi mwenyewe.

"Kwa hiyo utapata msaidizi wa ghala," akaendelea. "Utapata muda wako wa kazi ya ubalozi, usiibe kwenye kazi nyingine. Na utapata mafunzo Dar, kwa gharama zetu. Ukimaliza utakuwa balozi wa matawi yote."

"Ulisema utamudu ukamudu," Abdullatif akasema, kama kwamba maneno yale niliyasema mimi.

Vyote vitatu. Vile vile nilivyoviomba.

"Na taarifa ile ya Msabila," Nadhira akasema, "tungependa kuitumia kama mfano katika matawi mengine. Mfanyakazi amefiwa, ametishwa, programu imeona, balozi amethibitisha, kampuni imechukua hatua. Makao makuu wameipenda sana."

"Na Msabila?"

"Kikao ni cha utaratibu tu," Abdullatif akasema. "Wewe utaulizwa swali moja. Jibu ndiyo, mwanangu, ukapande basi ukasome."

Nikasema sawa. Nawaambia kama nilivyosema. Sikusema sawa ya kukubali wala ya kukataa. Ilitoka kama pumzi inavyotoka.

*

Kikaoni tulikuwa watano. Nadhira, Abdullatif, Sihaba mwakilishi wa wafanyakazi, Msabila, na mimi ndani ya fulana yangu. Ukutani palikuwa na skrini. Programu ilikuwa inasikiliza na kuandika mwenendo wa kikao, kila anayesema jina lake linatokea na maneno yake yanamfuata. Lugha ya vitisho ikisikika inapakwa wekundu. Haya yote niliyafunga mimi kwa mikono yangu jana yake.

Msabila alikuwa amevaa shati la Idi. Alikaa, kama alivyoahidi.

"Bwana Msabila, una lolote la kueleza kuhusu maneno haya?" Nadhira akauliza.

"Sina."

"Ni maneno yako?"

"Yangu."

"Ulikuwa na maana gani?"

"Yameandikwa Kiswahili."

Sihaba akajaribu. Akasema mambo ya utani, akasema watu wa Tabora na watu wa huku, akasema hata mazikoni. Nadhira alimsikiliza vizuri sana.

"Dada Sihaba, nakuelewa. Kwetu pia utani upo. Lakini mwenye maneno hasemi ni utani, na aliyelengwa amesema hajisikii vizuri. Mimi nishike nini?"

Sihaba akafungua mikono, akaifunga.

"Basi, kaka Mundhir," Nadhira akasema. "Swali moja la utaratibu. Taarifa hii uliipitia kabla ya kuithibitisha?"

Jina langu likatokea kwenye skrini, na mbele yake pengo jeupe linangoja.

Abdullatif ananitazama. Sihaba ananitazama. Mimi natazama lile pengo. Nilijua kwamba nikisema ndiyo mtu anakwenda nyumbani kwenye kuku wake moja kwa moja, na nikisema hapana, mimi ndiye ninayekwenda. Nilijua hivyo kama unavyojua habari ya mtu mwingine.

Aliyesema ni Msabila.

"Mwacheni huyo. Mnamuuliza kusoma? Ukoo wao hausomi karatasi, bibi yake Mwanamkuu alikuwa anasoma ungo, akiruka nao. Mjukuu wa mchawi wa Kiwangwa, mmempa fulana mkadhani ni mtu. Hata kaburi lake nimeshalipima. Ni fupi. Miguu tutaiacha nje, meneja apate kuituma."

Skrini ikageuka nyekundu. TISHIO. Msemaji: Msabila. Mlengwa: Mundhir.

Sihaba akaziba mdomo kwa mtandio, mabega yanamtikisika.

"Amerudia," Abdullatif akasema. "Mbele yetu, amerudia."

Nadhira alikuwa amepauka. "Kaka Mundhir, sasa aliyelengwa ni wewe. Upo hapa. Niambie mwenyewe, hili ni tishio?"

Msabila alikuwa amenigeuzia macho. Miaka yote kiwandani hakuwahi kunitazama vile. Na hapo, chini ya mbavu, kitu kikanichoma. Kama mguu unapoanza kurudi, sindano sindano.

Niseme si tishio? Mwinshehe alisema lake likaandikwa vingine. Nieleze ni utani? Msabila alikwishaniambia nikieleza nitakuwa nimefanya nini. Palikuwa na jibu moja tu ambalo mtani hujibu. Nikasimama.

"Msabila kwenu mbali, ulikuja na mizigo,
Ukasahau asili, ukabaki na kisogo,
Kaburi langu la pili, la kwanza lako kidogo,
Sanda hatuna ya kweli, tutakufunga na gogo."

Skrini ikawaka tena. TISHIO. Msemaji: Mundhir. Mlengwa: Msabila.

Msabila akaegemea kiti. "Vina vyako vibovu kama ndevu zako," akasema. "Lakini umejitahidi, mchawi mdogo." Na ile ikaandikwa pia.

Sihaba hakuziba mdomo tena. Alicheka mpaka akashika meza. Nadhira alimtazama Msabila, akanitazama mimi, watu wawili waliotishiana kufa huku mmoja anamsogezea mwenzake glasi ya maji. Nikaona uso wake unaanza kuelewa.

Chini ya skrini kitufe kikajitokeza: Balozi apitie na kuthibitisha.

"Mtuhumiwa hawezi kuthibitisha tuhuma zake mwenyewe," Nadhira akasema pole pole. "Nani mwingine ana kidole kwenye mfumo?"

"Hakuna," Abdullatif akasema. "Ni yeye tu." Kisha akanigeukia, mishipa imemsimama. "Mundhir, vua hiyo fulana."

"Asivue," Nadhira akasema. "Bado hajanijibu. Kaka Mundhir, ile ya Msabila. Uliisoma au hukuisoma?"

"Sikuisoma," nikasema.

Ilitoka kirahisi. Nilikuwa nimepata joto, nilikuwa nimepata mtani, nilikuwa nimesimama kama mwanamume.

"Hata mstari?"

"Hata mstari. Nilikuwa kwenye lori, peke yangu. Niliomba msaidizi nikapewa nguo."

Msabila akatikisa kichwa taratibu. Sihaba akanipa tabasamu, la kwanza tangu nivae ile buluu. Nadhira akaandika kitu kwenye daftari lake, kwa kalamu, si kwa programu. Nikaona Msabila amepona.

Kisha Nadhira akainua kichwa. Hakuwa na hila usoni, alitaka kujua tu.

"Na zile za wiki zilizotangulia?"

Nikaigeukia skrini, naye akaendelea.

"Taarifa za ufanisi, za mapema mwaka huu, zile za mikataba. Zote zina kidole chako. Hizo ulizisoma?"

Ile ganzi ikarudi kuanzia miguuni. Niliisikia inapanda.

Tabasamu la Sihaba halikuondoka mara moja. Lilibaki usoni kama kitu alichosahau kukitoa. Akaushusha mtandio mabegani, akanisogelea juu ya meza, na akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza saa:

"Mundhir. Taarifa ya Naila ulibonyeza ukiwa wapi?"